Tupeane uzoefu: gambiti mbovu kwenye chesi ya dakika moja

Kete Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaocheza chesi ya mtandaoni, ile ya dakika moja kila mmoja bila sekunde za nyongeza. Tuzungumzie zile gambiti, yaani kutoa kete kwa makusudi mwanzoni mwa mchezo ili upate shambulio, ambazo kompyuta inazikataa waziwazi lakini kwenye sekunde 60 zinaangusha watu kila siku. Unacheza ipi? Imekupa nini, imekunyima nini?

Naanza na yangu, Englund. Nyeupe anafungua d4 (herufi na namba ni jina la mraba ambapo kete inatua, na hapa ni askari), najibu e5 papo hapo. Anakula. Natoa farasi c6, naye anatoa wake f3, malkia wangu anakwenda e7. Hapo wengi huleta askofu f4, kwa sababu ndiyo hatua inayokuja yenyewe mkononi. Malkia b4, cheki. Askofu anarudi d2. Malkia wangu anakula b2 na sasa anaitazama ngome ya a1. Mtu ambaye saa inamkimbia anamwona malkia yuko peke yake ndani ya kambi yake, anachomeka askofu c3 akiamini amemnasa. Namleta askofu wangu b4. Wake hawezi kuondoka, nyuma yake kuna mfalme. Anamwokoa kwa malkia d2, nakula c3, analipiza kwa malkia, na malkia wangu anashuka c1. Chekimeti, hatua ya nane.

Lakini mtego huo si sababu kubwa ya mimi kuipenda. Wanaocheza d4 kwenye dakika moja, wengi wao ni watu wa mfumo wa London: d4, askofu f4, e3, farasi f3, chochote utakachofanya. Hatua hizo wanazipanga mapema kabla hata hujacheza ili saa isitembee. Sasa mtu kapanga askofu f4 kama hatua yake ya pili, na askari wangu tayari yuko e5. Namla askofu bure. Na yule ambaye hakupanga analazimika kusimama afikirie hatua ya pili, jambo ambalo hakulitarajia. Sekunde tatu zikiondoka pale mwanzo, mwishoni utazililia.

Jina linatokana na Fritz Englund wa Sweden (1871–1933). Mwaka 1932 alifadhili mashindano ambayo kila mchezo ulilazimika kuanzia ndani ya ufunguzi huu huu, malkia wa nyeupe akiwa tayari d5. Napenda kujua kwamba kuna mtu aliuthamini kiasi hicho, tena kwa wachezaji waliokuwa na muda wa kutosha wa kufikiri.

Karibuni.

Mzee wa Drafti

Mkuu, mimi nimetokea kwenye drafti za kijiweni, kwa hiyo kutoa kete ni lugha ninayoijua tangu utoto. Tofauti niliyoikuta ni moja na ni kubwa. Kwenye drafti ukilisha, mwenzako lazima ale, ndiyo sheria, na wewe umeshahesabu atatua wapi. Kwenye chesi halazimishwi na mtu. Ilinichukua muda kukubali kwamba hapa unategemea tamaa yake na haraka yake.

Ndiyo maana nikaangukia gambiti ya Stafford. Kaifufua Eric Rosen, yule Mmarekani mwenye cheo cha International Master, kupitia video zake, na vijana wengi wameijulia huko. e4 e5, farasi f3, farasi f6. Anakula askari wa e5. Badala ya kumfukuza farasi wake namtoa wangu c6. Anamla, nakula kwa askari wa d. Nimebaki nyuma kwa askari mmoja, lakini maaskofu wote wawili njia zao ziko wazi. Anacheza d3, naweka askofu c5. Sasa analeta askofu g5 kumbana farasi wangu, akijua nyuma yake yupo malkia.

Farasi anakula e4.

Hapo ndipo ninapoipenda chesi kuliko mchezo mwingine wowote. Malkia wangu yuko wazi, na kidole cha mtu mwenye haraka hakijizuii. Akimla, askofu anakula f2 kwa cheki, mfalme hana pa kwenda ila e2, na askofu wa pili anatua g4. Kwisha. Akistuka akamla farasi, bado f2 inaliwa kwa cheki: mfalme akimla askofu, namla malkia wake d1, akikimbilia e2, askofu g4 anamchukua malkia vilevile.

Siku moja tulikuwa tumezunguka simu moja pale kijiweni, wazee ambao chesi hawaijui kabisa. Farasi alipokula e4 wakapiga kelele kwamba nimesahau malkia. Hatua mbili baadaye palikuwa kimya, halafu wakaanza kuniuliza kila kete inatembeaje. Wawili sasa wanacheza.

Mwalimu wa Klabu

Habari zenu. Nafundisha chesi watoto wa shule, na nitasema upande mwingine bila kumkwaza mtu.

Kompyuta inaipa nyeupe ubora wa karibu askari wawili kwenye Stafford. Ndani ya dakika moja askari wawili ni kitu kidogo, nakubaliana na mleta uzi. Ila nilikuwa na mwanafunzi mwenye kipaji hasa, aliyeshinda mamia ya michezo ya simu kwa mitego hii. Akaingia mashindano ya ana kwa ana, muda mrefu, ubao wa kweli. Mpinzani wake alikula askari, akaweka mikono mashavuni, akatafakari dakika nyingi, kisha hakuleta askofu g5. Kaleta askofu e2, akajenga taratibu. Mtoto wangu hakujua cha kufanya, kwa sababu kule kwenye simu michezo ilikuwa inaisha kabla ya hapo. Hakuwa amejifunza kucheza akiwa nyuma.

Simkatazi kijana kuzicheza. Namtaka kwanza anieleze nyeupe alipaswa kufanya nini. Akinieleza vizuri, acheze atakavyo.

Baharia wa Muscat

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi Mzanzibari, niko Oman kikazi, sataranji ndiyo burudani yangu ya usiku. Nacheza nyeupe na gambiti ya Halloween: farasi wanne wakishatoka, wangu wa f3 anakula e5. Farasi mzima kwa askari mmoja! Anakula, nampiga d4. Akikimbilia g6 nasukuma e5, na farasi wake wa f6 mara nyingi anarudi g8 alikotoka. Tazama ubao hapo: ana kete zaidi, lakini askari wangu wawili wamekaa katikati.

Siri yake kwenye dakika moja ni kwamba d4 na e5 naweza kuzipanga mapema, na mwenzangu kila hatua lazima aamue farasi aende wapi. Mara nyingi namfikisha mwisho akiwa na farasi mzima zaidi yangu, na saa yake imeisha. Angalieni kitu kimoja tu: msibakie na mfalme mtupu. Muda wake ukiisha nawe huna kete za kutosha kumaliza mchezo, mtandao unaandika sare.

Aliyenitibu ni mmoja tu. Nilipoleta askofu c4 alinirudishia askari, d5, nikala kwa askofu, akacheza c6. Shambulio langu likafa pale pale. Nilimheshimu sana.

Kete Nyeusi

Mwalimu, nimekuelewa. Basi nijibu mtihani wako kuhusu Englund yangu. Malkia akishakula b2, nyeupe asilete askofu c3. Alete farasi c3. Nikiweka askofu b4, ngome yake inakwenda b1, malkia wangu anakimbilia a3, ngome inamfuata b3, malkia a5. Kisha e4, na kete zake zote zina kazi huku zangu zimelala nyumbani. Najua. Wanaoijua njia hii yote hadi e4 huku saa inakimbia ni wachache, na hao nikikutana nao nacheza hadi sekunde ya mwisho.

Mwalimu wa Klabu

Umefaulu kaka. Leo saa tatu usiku nipo. Nitafungua d4.