Ulinganisho: barua ya mtaa, hati ya uwakili maalumu, ya jumla, au mama aandikishe nyumba jina la mtoto? (Tanga)

MwanaChumbageni
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Bi mkubwa wangu yuko Ngamiani, miaka 74, ana nyumba ya vyumba sita kapangisha vinne, na kiwanja Pongwe kina hati jina lake. Miguu ndo imemkataa, hatoki, ila akili iko vilevile, mpaka leo anakutajia nani hajalipa kodi tokea mfungo mosi. Mimi niko Dar kikazi, kaka mkubwa yuko Maskati, mdogo wangu wa kike ndo anaishi nae. Tunakwama sehemu tatu, kudai kodi na kuandikishana na wapangaji, Pongwe jirani kasogeza bikoni (jiwe la mpaka) na ofisi ya ardhi hawaongei na asiye mwenye hati, halafu benki kadi imemezwa na mashine wanamtaka yeye mwenyewe aende.

Kila mtu ananishauri lake. Mmoja anasema barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha, mwingine hati ya uwakili (karatasi ya mama kumpa mdogo wangu mamlaka ya kufanya mambo kwa niaba yake, wengine wanaita nguvu ya kisheria) ya jambo maalumu, mwingine ya jumla, na shangazi yeye anasema nyumba iandikwe jina la mdogo wangu yaishe. Mimi moyo unaenda kwenye ya jumla, unalipa mara moja umemaliza, hata mama akija kuanza kusahausahau huko mbele sisi tunayo karatasi. Nakosea wapi?

Kipepeo_Pangani
Barua ya mtaa usiidharau mkuu. Mimi nimekusanya kodi ya baba miaka mitatu kwa barua yenye muhuri wa mwenyekiti na picha yangu pembeni, wapangaji walikuwa hawana neno. Ila nilipoipeleka kwenye ofisi moja kwa mambo ya kiwanja, dada wa mapokezi akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile kuna kitu kimeandikwa huko, akanirudishia. Kwa hiyo kwa wapangaji sawa, kwa chochote chenye hati usipoteze nauli.

Karani_Mstaafu
Kijana, hapo kwenye "akianza kusahau sisi tunayo" ndo umekosea, na wengi wanakosea hapohapo. Uwakili ni mambo ya wakala na aliyemtuma, yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, na sheria hiyo inasema uwakala unakufa aliyetuma akifa au akipoteza akili timamu. Sasa wewe unataka kununua mwavuli ambao mvua ikianza tu unajifunga. Iwe ya jumla iwe maalumu, zote zinakufa siku moja. Mama akifika huko (Mungu apishe mbali) mnaenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, na akifariki ni msimamizi wa mirathi, hakuna njia ya kuruka.

Kwa hiyo swali la ya jumla au maalumu ni la leo tu, akiwa mzima. Mimi nimechapa hizi karatasi miaka mingi kwa mawakili, nakwambia chukua maalumu. Ya jumla inaonekana pana lakini ukiifikisha mezani kwa mtu makini anakuuliza "kuuza kumeandikwa wapi? kuweka rehani kumeandikwa wapi?" maana hati hizi zinasomwa kwa kubana, kisichotajwa hakimo. Maalumu iandike hivi: namba ya hati na namba ya kiwanja cha Pongwe, kufuatilia mipaka, kuomba wapimaji, kufungua na kuendesha shauri la ardhi, kupangisha na kupokea kodi ya nyumba ya Ngamiani mtaa na namba yake, halafu mstari unaojitegemea: HARUHUSIWI kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi. Na tarehe ya kwisha, mfano miaka miwili.

Majina yafanane na kitambulisho cha taifa (NIDA) herufi kwa herufi, picha za wote wawili. Wakili amuone mama akisaini kwa macho yake, na pale kwenye uthibitisho paandikwe mahali na tarehe ya kweli, kama kasaini kitandani Ngamiani basi iandikwe Ngamiani, sio mtu anabeba karatasi anaenda kugongewa muhuri mjini mama hayupo. Hiyo siku ikifika kwenye kesi ndo ya kwanza kushikwa. Iandikwe Kiswahili mama aielewe, tokea 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kwa sheria, mtu asikutishe na Kiingereza. Ilipiwe ushuru wa stempu, na kwa kuwa inagusa ardhi yenye hati isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Wengi wanaishia kwa wakili wanadhani wamemaliza.

Bint_Makorora
Naunga mkono mzee hapo juu na kidonda changu bado kibichi. Bibi yangu alimpa mjukuu mmoja hati ya jumla "kwa ajili ya umeme na maji tu", lakini karatasi ilisema na mambo mengine yote yahusuyo mali zangu. Shamba lake la minazi huku Mkinga tulisikia limeuzwa kwa watu tuliokutana nao msibani, tena bibi mwenyewe mzima anakunywa chai. Kesi imekula miaka, na mjukuu mwenyewe hapokei simu.

Kuifuta inawezekana bibi akiwa hai na akili zake, hahitaji ruhusa ya aliyepewa, anaandika hati ya kufuta mbele ya wakili. Ila sisi tulifuta halafu tukaiweka kabatini 😭 hatukupeleka kwa Msajili, hatukumwambia mtu, mnunuzi alikuja na nakala ya zamani. Ukifuta tangaza, Msajili, mtaa, wapangaji, benki, wote wawe na nakala.

MwanaChumbageni
Duh, poleni sana dada. Kwa hiyo ya jumla naishusha. Benki je? Na kaka wa Maskati asaini wapi?

Baharia_Ras
Kaka yako asaini nini sasa? Mali ni ya mama, mtoto hana cha kutoa, akubali kwa simu mambo ya familia lakini kwenye karatasi hayumo. Ingekuwa kiwanja ni chake yeye ndo angeenda ubalozi wetu pale Maskati asaini mbele ya ofisa. Mimi nilifanya hivyo kwa kiwanja changu, nikatuma picha kwa WhatsApp nikajua nimemaliza, wakataka karatasi yenyewe, ikaja na mtu mkobani na halua juu yake.

Karani_Mstaafu
Benki ni dunia nyingine. Wana fomu zao za kumruhusu mtu kwenye akaunti, ukiwapelekea hati ya uwakili wanaweza kuiheshimu na bado wakataka fomu yao. Piga simu tawi, waulize kama ofisa anaweza kumfuata mama nyumbani. Akaunti ya pamoja na mdogo wako ni rahisi kweli, lakini tofautisheni: mwenye ruhusa anatoa hela ya mama, mwenye akaunti ya pamoja hela ni yake pia. Mkija kwenye mirathi hapo patakuwa na maneno.

Mwalimu_Duga
Na ile ya shangazi mbona hamuigusi. Kuandikisha nyumba jina la mdogo mtu sio uwakili, huko ni kutoa. Kwa sisi Waislamu hiba (zawadi ya mtu akiwa hai) ikishatolewa na kukabidhiwa imetoka, siku ya mirathi haipo kwenye fungu la kugawa, na hao kaka wawili leo wanacheka kesho sijui. Mdogo wako nae akiolewa akapata mgogoro wake, nyumba ya mama ndo inaingia humo. Swali jingine, baba yupo? Kama yupo na ile ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwenye kuuza au kuweka rehani, hata uwe na hati ya uwakili ya dhahabu.

MwanaChumbageni
Baba alishatangulia 2009, mirathi yake ilifungwa, kila kitu jina la mama.

Kipepeo_Pangani
Na la bikoni, kesi inabaki jina la mama, mdogo wako anasimama kwa niaba yake tu. Asijiandike yeye mlalamikaji, mtarudishwa mlangoni. Wakili mliompata mhakikini kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hamjatoa hela, wapo waliosimamishwa bado wana mihuri.

Bint_Makorora
Na siku ya kusaini kama mnaweza chukueni barua ya daktari kuwa mama yuko timamu. Sio lazima, ila sisi tungekuwa nayo tungepumua.

MwanaChumbageni
Asanteni sana. Nimempigia mama jana usiku, mdogo wangu kaweka spika. Tumekubaliana maalumu, ya miaka miwili, kuuza hapana, benki tunaenda na fomu zao, wapangaji barua ya mtaa inatosha kwanza. Nilikuwa naanza kumueleza kazi ya Msajili akanikata, "na nikitaka kumnyang'anya naichukuaje?" Mdogo wangu yupo pembeni anacheka huyo! Nikamsomea ya dada wa Makorora yote mpaka kwenye kabati. Kanyamaza kidogo, akasema basi huyo wakili aje Jumanne baada ya laasiri, asubuhi ana wapangaji wa kuongea nao.