Meteora ya Linkin Park: mnaisikiliza yote au mnakimbilia Numb?

Kinyozi_Kondele
Wadau, nina swali ila nitazunguka kidogo. Mwaka 2005 nilinunua tisheti nyeusi ya mtumba pale soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, shilingi 50 baada ya kuvutana sana na mama muuzaji. Imeandikwa Linkin Park. Nikadhani ni bustani fulani huko Marekani. Niliivaa karibu miaka miwili, hadi kijana mmoja aliponisimamisha steji ya matatu akitaka nimwimbie wimbo wao, hata mmoja tu. Kumbe ni bendi ya roki. Aibu niliyoona! Jioni hiyo hiyo nikaenda kuchomewa CD ya albamu yao, Meteora.

Sikuipenda. Kelele tupu. Iliniingia baadaye, wakati mzee wangu, mwalimu, alikuwa hanisemeshi kwa vile nimeacha chuo cha ualimu nikashika mashine ya kunyoa. Tunakula meza moja, ugali unamegwa kimya kimya. Ndipo nikamsikia vizuri mwimbaji wao, Chester Bennington: anaanza polepole kama mtu anayeongea na ukuta, kisha sauti inapasuka, koo linakwaruza hadi lako linauma. Mike Shinoda naye anarapu pembeni bila haraka, kama kaka mkubwa anayekushika mkono usirushe kiti.

Sasa swali. Numb kila mtu anaijua, na ni wimbo wa 13, wa mwisho kabisa kwenye albamu. Kabla yake kuna Session, ambayo ni ala tu, haiimbwi. Mimi naona hapo ndipo Numb inapoandaliwa njia. Albamu nzima ni kama dakika 36, vichwa viwili nikinyoa taratibu. Nyinyi mnaruka?

NyarSeme
Omera, naruka bila haya hadi Breaking the Habit, ya tisa. Hakuna kurapu, hakuna kufoka, ngoma zinakimbia tu na Chester anaimba. Hiyo ndiyo inayonimaliza. Halafu jina Meteora ni la miamba ya Ugiriki yenye nyumba za watawa juu yake. Nikipita ule mwamba wa Kit Mikayi siku hizi siachi kuikumbuka.

Mtu_wa_Lanet
Muziki wa watoto wenye hasira. Wekeni Franco wa Kongo mlie kama watu wazima.

Usiku_Milimani
Mimi ni albamu ya Fallen ya bendi ya Evanescence, ya Machi 2003 kama hiyo yako. Wimbo uitwao Hello, mwimbaji wao Amy Lee anamlilia mdogo wake aliyefariki akiwa mtoto. Ni piano na sauti yake zaidi. Nina sababu zangu. Huwa nausikiliza mara moja kwa mwaka, mlango umefungwa.

Kinyozi_Kondele
Usiku_Milimani, pole sana dada, au kaka. Nitautafuta.

Mtu wa Lanet, Franco analia hapa kutwa nzima, wateja hawataki kingine. Meteora naiweka jioni nikifagia nywele. Lakini Julai 2017, habari ya kifo cha Chester ilipotufikia, niliiweka tangu asubuhi. Mchana akaingia mzee. Alikuwa hajawahi kukalia kiti changu. Nikakimbilia redio kupunguza sauti. Akauliza, huyu anayepiga mayowe ana nini? Nikamwambia amekufa jana. Akavua kofia, akakaa.

"Basi usimzime," akasema. "Ninyoe."