Mabinti na vyeo vya ukabaila Uingereza: hadi lini?

Nahodha77: Wakuu, sheria ya 2013 ya urithi wa kiti cha enzi ilishafuta ule mtindo wa mdogo wa kiume kumruka dada yake, kwa waliozaliwa baada ya 28 Oktoba 2011. Ndiyo maana Charlotte, binti wa Mwanamfalme William, yuko mbele ya mdogo wake Louis. Lakini vyeo vya makabaila (kutoka juu: duki, makwisi, eali, vaikaunti, baroni) haikuvigusa. Eali ana mabinti watano, akifa cheo kinaenda kwa binamu wa kiume. Hii ni haki? Hata Ledi Diana Delamere wetu wa Kenya alipata chake kwa kuolewa tu.

Kipanga: Hapo umechemka. Hakuwahi kuwa "Ledi Diana". Ledi pamoja na jina la kuzaliwa ni la binti wa duki, makwisi au eali. Diana Spencer, yule aliyekuja kuolewa na Charles, aliipata 1975, babake aliporithi ueali. Huyo wa Kenya aliolewa na Baroni Delamere 1955, kwa hiyo ni Ledi Delamere, nukta. Ukichanganya unamzulia baba mwingine.

Nahodha77: Mimi nizulie watu baba? Margaret Thatcher, yule waziri mkuu, aliitwa Ledi, na babake alikuwa muuza duka Grantham!

Kipanga: Ledi THATCHER, mkuu. Si Ledi Margaret. Mumewe Denis alipewa ubaroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya ubaroni) 1990, naye akawa Ledi kwa mgongo wa mume. Mwaka 1992 akapewa ubaroni wake mwenyewe wa maisha, yaani usiorithiwa. Jina lile lile, njia mbili. Kinyume chake hakipo: mume wa baronesi au wa Dame (mwanamke aliyetunukiwa nishani ya heshima) haambulii kitu.

BintiSaada: Mada ni urithi, ninyi mmezama kwenye salamu. Kila cheo kinafuata hati iliyokiunda, na nyingi zimeandikwa warithi wa kiume. Si zote. Duki wa 5 wa Sutherland alifariki 1963 bila mtoto: uduki ukaenda kwa jamaa wa kiume, ueali wa kale wa Uskoti ukaenda kwa Elizabeth, binti wa mdogo wake. Mtu mmoja, vyeo viwili, warithi wawili.

MzeeKobe: Na huo huo 1963 ndipo wanawake walipoingia Bunge la Malodi, lile la juu la Uingereza.

BintiSaada: Hapana mzee wangu. Wa cheo cha maisha waliingia 1958. Mwaka 1963 ni wa vyeo vya kurithi. Vaikauntesi Rhondda alirithi cheo 1918, akadai kiti, wakamkatalia 1922. Amefariki 1958 bila kukikalia.

MzeeKobe: Haya. Basi wapeni mabinti, yaishe.

Kipanga: Yapi yaishe? Ubaroni wa kale wa England huwafikia mabinti, na ndiko kwenye fundo. Wakiwa watatu bila kaka, haki ni sawa kwa sawa, mkubwa hana ziada. Cheo kinalala, yaani hakina mwenyewe, mpaka ukoo ubakize mrithi mmoja, au mfalme achague, na kinaweza kulala karne nzima. Uskoti anachukua binti mkubwa, kwisha.

Nahodha77: Na mke wa mwenye cheo akiachika? Maana unajua kila kitu.

Kipanga: Jina mbele, koma, cheo nyuma. Baada ya talaka ya 1996: "Diana, Binti Mfalme wa Wales".

BintiSaada: Na mjane wa duki naye huandikwa hivyo hivyo, Kipanga. Kwa koma hiyo hujui kafiwa au kaachwa.