Nimeambiwa ninyamaze kwa kuwa si wa kundi lao. Je, haki za wote bado zina maana?

Mwanakikundi:
Habari zenu ndugu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Tuko watu tisa tunaokutana kila mwezi kujadili siasa. Safari hii mada ilikuwa wafanyakazi wahamiaji ambao waajiri huwanyang'anya pasipoti. Nikasema hakuna mtu anayepaswa kuzuiliwa hati zake, awe raia au mgeni. Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo akanikatiza: "Wewe hujapitia haya. Nyamaza, waache wenye kidonda waseme." Nikanyamaza. Kaka mwingine akadakia kwamba hizo haki za binadamu ni nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha Wazungu, sisi wengine inatubana. Yule dada akatikisa kichwa kukubali.

Kunyamazishwa hakukuniuma. Dada anayajua nisiyoyajua, na alistahili kusema kabla yangu. Kilichoniuma ni kuona hoja inayoweza kumtetea mbele ya mwajiri ikitupwa, na yeye mwenyewe akikubali itupwe. Je, siasa za utambulisho, yaani zile zinazoanzia kwenye kundi la mtu kama rangi au jinsia yake, na haki za wote ni lazima zigombane? Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Mkutubi:
Turudi kwenye chanzo. Miongoni mwa watu wa kwanza kutumia maneno "siasa za utambulisho" ni wanawake weusi wa Boston, Marekani, waliojiita Combahee River Collective, katika tamko lao la mwaka 1977. Katika harakati za watu weusi walikuta wanaume wametangulia, na katika harakati za wanawake wakakuta weupe wametangulia. Ndiyo maana wakasema wataanza na hali yao wenyewe. Lakini soma walichodai: hawakutaka kuwekwa juu ya mtu yeyote, walitaka watambuliwe kuwa binadamu sawa na wengine, na hilo liliwatosha. Walianzia kwenye kundi lao, ila dai lenyewe lilikuwa la kila mtu.

Hesabu Kwanza:
Mimi niko upande wa dada. Tarehe 26 Agosti 1789 Ufaransa ilitangaza kwamba watu huzaliwa huru na sawa kihaki. Wakati huohuo watumwa wa koloni lake la Saint-Domingue (Haiti ya leo) walikuwa wakifia kwenye mashamba ya miwa. Ilibidi waasi Agosti 1791 ndipo bunge la Paris likafuta utumwa mwezi Februari 1794, na mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Mwandishi Mfaransa Olympe de Gouges aliandika tamko la haki za mwanamke mwaka 1791, na mwaka 1793 akakatwa kichwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "wote", namwomba kwanza anihesabie ni akina nani.

Mwalimu Mstaafu:
Hesabu Kwanza, tarehe zako zote nazikubali. Ninapoachana nawe ni kwenye hitimisho. Tunajua Napoleon alisaliti kwa sababu kulikuwa na ahadi ya kusalitiwa. Waasi wale hawakuitupa ahadi ati kwa kuwa walioiandika walikuwa wanafiki. Waliidai kwa silaha, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa nchi huru.

Sasa hiyo nguo ya Wazungu. Rasimu ya Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kwa Kiingereza ilikuwa na neno linaloweza kusomwa "wanaume wote". Aliyesimama kidete hadi likabadilishwa kuwa "binadamu wote" ni Hansa Mehta, mwanamke kutoka India. (Kwa miaka mingi nimefundisha sarufi, na hapa huwa nasimama kidogo, kwenye Azimio hilo kwa Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Ngeli yetu ya M-WA haiulizi mume wala mke.) Azimio lilipopigiwa kura tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 hazikuelemea upande wowote. Mojawapo ya hizo 8 ni Afrika Kusini, mwaka uleule ambao chama cha ubaguzi kiliingia madarakani. Kama nguo hiyo ilishonwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, mbona serikali ile ya Wazungu haikuthubutu kuivaa?

Na kundi likishakuwa ndilo msingi wa haki, wapo watakaobaki nje. Katiba ya Bosnia na Herzegovina, iliyotokana na makubaliano ya amani ya Dayton ya 1995, ilitenga viti vitatu vya urais: Mbosnia Mwislamu mmoja, Mkroati mmoja na Mserbia mmoja. Ilinuiwa kuzuia vita visirudi, na nia hiyo siidharau. Lakini Dervo Sejdić, wa jamii ya Waroma (si watu wa mji wa Roma), na Jakob Finci, Myahudi, hawakuruhusiwa hata kugombea katika nchi yao. Desemba 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba wamebaguliwa. Walishinda kwa hoja ya usawa wa kila mtu, maana hawakuwa na kiti cha kundi.

Hata hivyo sisemi tufumbe macho tusiyaone makundi. Katiba ya India ya 1950, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na mwanasheria Ambedkar, inatamka usawa mbele ya sheria, inaharamisha kumtenga mtu kwa misingi ya tabaka, na inaruhusu nafasi maalumu kwa walionyimwa. Ambedkar mwenyewe alizaliwa miongoni mwa waliotengwa. Lazima ujue ni nani hajalipwa ndipo umlipe deni.

Kwa hiyo, Mwanakikundi, dada asikilizwe kwanza, na asikilizwe mpaka amalize. Kisha muulize: huyo mwajiri alikosea nini?

Mwanakikundi:
Ahsante sana Mwalimu. Jana nilimpigia simu nikamuuliza hilohilo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Pasipoti ilikuwa na jina langu. Hakuwa na ruhusa ya kuificha, ingekuwa yangu au ya mwanawe." Halafu akanisimulia jinsi alivyoipata tena, habari ambayo hakuwahi kuitaja kikundini. Ameomba kikao kijacho aanze yeye, nami nimfuate.

Hesabu Kwanza:
Mwambie dada nampa pole. Na huyo kaka wa mfano wa nguo mwombeni naye abaki, asikie mpaka mwisho.