Mrejesho: Nimeanza kuwatafuta wazazi walionizaa

Niliuliza nianzie wapi kuwatafuta wazazi walionizaa, maana mimi niliasiliwa nikiwa mchanga. Wengi mlisema niongee kwanza na mama aliyenilea. Asanteni sana. Nilipomuuliza alinyamaza, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki: nakala ya amri ya Mahakama Kuu, na karatasi ya ridhaa ya mimi kuasiliwa, yenye sahihi ya mama mzazi, herufi zimelala upande. Jina la baba hakuna. "Nilijua utauliza, mwanangu."

Afisa ustawi wa jamii anasema rejista ya walioasiliwa iko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ila haifunguliwi hivihivi. Amenishauri nisimwendee mama mzazi ghafla. Huenda familia yake haijui habari zangu. Nimekubali. Mliopitia hatua hii, barua ya kuomba rejista ifunguliwe mliiandikaje?