Kununua luku (umeme wa kulipia kabla): nyota na reli, apu, au kwa wakala? Bimkubwa yuko Makorora

BintiWaMakorora

Habari za jioni wadau wa Tanga. Naomba tulinganishe jambo dogo linalonitoa jasho. Mama anaishi Makorora, umri umeshapita sabini, macho yanamsumbua lakini kichwa kiko timamu kuliko changu. Mwezi ujao nahamia Dodoma kikazi, na siku zote mnunuzi wa umeme wa nyumba ile ni mimi. Kwa hiyo wiki mbili hizi nimemjaribisha njia tatu, mimi nimekaa pembeni, mikono nyuma, simshikii simu.

Nyota na reli, kwenye kitochi chake. *150*00# anaijua kama Fatiha. Lugha ni Kiswahili, haili bando, vitufe anavisikia kwa kidole. Balaa ni namba ya mita. Tarakimu 11, ameziandika kwenye kikaratasi anachokifunga pindo la khanga. Anatazama karatasi, anarudi kwenye simu, anatazama karatasi tena, akifika ya nane menyu imejifunga. Mara tatu. Mara ya nne akafanikiwa, likatokea jina la mwenye mita ili athibitishe. Mita ile bado iko kwa jina la marehemu baba. Akatulia, akalitazama lile jina, menyu ikajifunga tena.

Apu, nimempa simu yangu ya zamani ya kupapasa. Namba ya mita imehifadhiwa, kiasi akiweka kazi imekwisha. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili apu ikagoma kufunguka mpaka isasishwe, na bando halipo. Halafu vidole vyake vimekauka, kioo hakimsikii. Anabonyeza mpaka anakipiga kofi.

Wakala, dakika mbili, anatoa noti anapewa karatasi. Ila umeme wa kwetu una tabia ya kuisha saa tatu usiku, na saa tatu vibanda vimefungwa.

Mwenzenu naelemea apu, nimnunulie simu mpya yenye kioo kizuri. Mnasemaje?

WakalaBaraBaraYa8

Da' Binti, mimi niko kwenye kibanda Ngamiani, haya ndiyo maisha yangu. Nikwambie kitu: watu wazima wengi kununua hakuwashindi. Kinachowashinda ni zile tarakimu 20 za tokeni wakishafika nyumbani mbele ya rimoti ya kuziingizia kwenye mita. Mtu anarudi kwangu analalamika tokeni mbovu, nikimwambia anisomee naona 6 ameifanya 8.

Mnaikumbuka Novemba 2024? Tokeni za luku zilikuwa zinabeba hesabu ya dakika iliyoanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 mwezi ule. Kila mita ikabidi isasishwe. Mteja ananunua umeme anapewa mafungu matatu, tarakimu 20 mara tatu, na lazima ayaingize kwa mpangilio. Walikuja kina mama wamechanganyikiwa, nikawa nawaandikia kwenye vipande vya boksi la sabuni kwa kalamu nene, nne nne, mstari chini ya mstari. Hawakurudi tena. Kwa hiyo kabla ya kununua simu mpya, tazama karatasi anayosomea.

MpandaBaiskeli

Apu. Tokeni zote zinakaa humo, ukiipoteza unaifungua tena. Karatasi ya wakala inaoga na suruali.

MzeeWaSahare

Mwanangu Binti, mimi ni rika la mama yako na natumia kitochi, naomba msituzungumzie kama wagonjwa.

Nyota na reli nimeitumia miaka mingi na ilinishinda mara moja tu. Nimenunua umeme, pesa imekatwa, tokeni haiji. Nikangoja. Nikala chakula gizani. Asubuhi nikaenda kwa wakala nikamfokea kijana wa watu mbele ya wateja, na Mungu anisamehe. Akaja mjukuu, akaishika simu, akasema: babu, kisanduku cha ujumbe kimejaa. Kimejaa nini? Matangazo ya kamari na bahati nasibu! Akafuta kumi hivi, tokeni ikaingia pale pale, simu bado iko mkononi mwake.

Apu yako ina kosa hilo? Haina. Lakini ina yake: ikigoma, mama hajui hata nani wa kumfokea.

Kuhusu namba ya mita, iandike ukutani juu ya meza anayokalia, kwa herufi kubwa. Tarakimu tatu, nafasi, nne, nafasi, nne. Jicho lisihangaike kutafuta liliishia wapi.

NesiWaZamu

Shikamoo mzee Sahare, hilo la ujumbe kujaa limenikuta kwa mama mkwe, nikadhani ni mtandao.

Mimi nimetumia zote tatu na ninavyoziona tofauti yake inaonekana jambo likikwama katikati. Nyota na reli ikikatika baada ya kuweka namba ya siri, hujui umelipa au hujalipa. Mimi nikarudia, nikalipa mara mbili. Umeme haukupotea, tokeni zote mbili zilikubali, lakini ile ya pili ilikuwa nauli yangu ya wiki. Siku hizi nikikatika katikati, naangalia salio kwanza. Kwenye apu unaona orodha ya ulivyolipa, unatulia.

Halafu Binti, mweleze mama kuhusu kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye luku, kwa hiyo mwezi ukianza mtu ananunua kwa pesa ile ile anapata uniti pungufu. Mama mkwe aligombana na wakala wake wiki nzima, anasema kijana amemla. Hakuna apu wala menyu itakayomsaidia hapo, ni kumwambia tu mapema.

BintiWaMakorora

Mzee Sahare, shikamoo, nimekusikia na nimeona aibu kidogo. Hilo la ujumbe nimekwenda kuangalia sasa hivi: kitochi cha mama kimejaa mpaka juu. Nimefuta, kumbe hata ujumbe wa harusi ya Pongwe ulikuwa umekwama mlangoni.

Swali kwa wakala: nikiwa Dodoma nikanunua mimi na kumtumia tokeni, kuna hatari yoyote? Namba ya mita ninayo.

WakalaBaraBaraYa8

Hakuna. Tokeni imefungwa kwa mita yake, na ikishaingizwa mara moja haiingii tena. Hata ukiitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti, jirani haimfai. Cha kulinda ni namba ya siri. Kuna bibi mmoja huniletea simu na kunitajia ya kwake kwa sauti, foleni nzima inasikia. Nimemkataza mpaka nimechoka.

MpandaBaiskeli

Basi limekwisha, mnunulie wewe na apu yako.

MzeeWaSahare

Umemwuliza mwenyewe lakini?

BintiWaMakorora

Nimemwuliza mzee wangu, jana baada ya magharibi. Amecheka. Anasema apu niende nayo Dodoma. Mchana atakwenda kwa wakala kama kawaida, kwa sababu njiani kuna mihogo ya kukaanga ya mama fulani na habari zake, na mimi sikuliweka hilo kwenye hesabu zangu. Usiku atatumia kitochi. Mimi nibaki wa dharura, tena nisinunue mpaka yeye apige simu, hataki kuamka akute uniti asizozijua.

Kuhusu jina la baba kwenye mita nilimwambia tunaweza kuomba libadilishwe. Akasema liache.

Kalamu nene nimenunua Mgandini, betri za rimoti nimebadilisha, namba nimeiandika ukutani tatu, nne, nne. Ametazama kwa mbali, akasema 7 yangu inafanana na 1, nifute niandike upya. Nipo kwenye kigoda nafuta.