Ati stanozololi imetoka kwenye mikono ya saisi! Bwana yule ametuvunjia heshima

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna mtu wa mbio za farasi asiyeijua ile kofia yake, amesimama leo mbele ya vipaza sauti akatamka kwamba stanozololi, ile dawa ya kujenga misuli, iliyopatikana mwilini mwa farasi wake huenda imetoka kwenye mikono ya saisi, yaani mtunza farasi. Mikono ya saisi! Hakumtaja daktari wake wa mifugo, wala kabati lake la dawa, wala yeye mwenyewe anayepanga kila punje anayokula yule mnyama. Angeachiwa dakika mbili zaidi angemshitaki hata inzi aliyetua juu ya nyasi.

Mimi ni saisi tangu ujana wangu, kwa hiyo nawaeleza wasiojua. Farasi akishinda harudi zizini moja kwa moja. Anaongozwa hadi banda la vipimo, saisi akiwa ameshika kamba, na ofisa anamfuata bila kumwondolea macho. Tunamtembeza mpaka jasho likauke, tunamnywesha maji, kisha tunamwingiza chumbani, na ofisa anasimama na kikombe kilichofungwa kwenye ufito mrefu huku akipiga mluzi taratibu, kwa maana farasi wengi wamezoeshwa kukojoa wakisikia mluzi. Kuna siku mluzi unapigwa mpaka midomo inapasuka na farasi anatutazama tu. Mkojo ukipatikana unagawanywa katika chupa mbili zinazotiwa lakiri na namba, damu inachukuliwa shingoni, na hatimaye mtu wa upande wa farasi anatia saini kuthibitisha kwamba ameona kila hatua. Mtu huyo mara nyingi ni saisi. Siku ile bwana yule alikuwa anapigwa picha na kombe. Mkono uliotia saini kwa niaba yake ndio leo anaouita mchafu mbele ya dunia nzima!

Tena dawa yenyewe haikuonekana kwenye damu peke yake, bali hata kwenye manyoya ya shingo, ambayo huhifadhi alama za dawa za kujenga misuli kwa miezi mingi. Kanuni za mbio karibu kila mahali zinamtwika mkufunzi dhamana ya chochote kinachokutwa mwilini mwa farasi wake. Yeye anazijua kanuni hizo kuliko mimi, na bado amesema mikono ya saisi.

Kwato Nne: Nakuunga mkono mia kwa mia. Farasi akishinda, sifa ni za mkufunzi. Vipimo vikimkamata, kosa ni la anayezoa samadi. Mwaka 2021 farasi Medina Spirit alimaliza wa kwanza katika Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, akakutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pikogramu 21 kwa mililita moja ya damu, na tukasikia kwanza kutoka kwa mkufunzi wake kwamba hakupewa kabisa, kisha tukasikia habari ya marhamu ya ngozi. Februari 2022 ushindi ukaondolewa na kupewa farasi Mandaloun, wakati Medina Spirit mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu Desemba.

Lijamu: Mleta uzi, punguza machozi. Uchafuzi upo, na hauchagui mwenye cheo. Mwaka 2014 Estimate, farasi wa Malkia wa Uingereza, alimaliza wa pili katika mbio za Gold Cup za Ascot, akakutwa na mofini, dawa kali ya maumivu, iliyotoka kwenye chakula chake, na nafasi yake ikaondolewa vilevile. Huenda saisi huyo alishika kitu bila kujua. Au saisi wote ni malaika?

Mleta uzi: Katika kesi hiyo chakula kilichunguzwa na chanzo kikajulikana, kwa hiyo hakuna aliyetupiwa lawama kwa kubahatisha. Huyu wa leo hakuomba hata mikono hiyo ipimwe. Alisema tu, akatabasamu, akaondoka. Lile tabasamu ndilo lililonichoma.

Mzee wa Hatamu: Nyote mnagombana juu ya chupa ya mkojo wakati chupa hiyo hukamata wazembe. Machi 2020 serikali ya Marekani iliwashitaki wakufunzi na madaktari wa mifugo kadhaa kwa kuwapa farasi dawa, miongoni mwao Jason Servis, mkufunzi wa farasi Maximum Security, na ushahidi mzito ulitoka kwenye simu zilizonaswa na wapelelezi wa FBI. Mkufunzi mwenzake Jorge Navarro alihukumiwa miaka 5 jela, Servis miaka 4. Malalamiko yangu ni haya: kwa nini farasi hapimwi zaidi akiwa zizini, wiki kadhaa kabla ya mbio, wakati dawa za kuongeza chembe nyekundu za damu zingali zinafanya kazi na hazijapotea?

Kwato Nne: Mzee, hilo ni kweli, lakini mimi linaloniudhi zaidi ni furosemidi. Kwa miongo mingi Marekani imeruhusu farasi kuchomwa sindano hiyo saa chache kabla ya mbio ili mapafu yasivuje damu, ilhali nchi nyingi haziruhusu kabisa siku ya mbio. Dawa inayomkojoza farasi mpaka anapungua uzito, halafu tunaambiwa kwamba si msaada!

Lijamu: Umewahi kumwona farasi akitokwa damu puani baada ya mbio? Mimi nimemwona. Usiilaumu dawa inayomzuia kuumia.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunazungumzia mikono ya saisi.

Mzee wa Hatamu: Lijamu, kama farasi anahitaji sindano ili asivuje damu, basi hakustahili kukimbia siku hiyo. Angepumzishwa.

Lijamu: Basi utawapumzisha karibu wote, kwa sababu ukiingiza kamera ya koo baada ya mbio utakuta dalili za damu kwa wengi wao, hata wasiotoa tone puani. Kwato Nne, jibu hilo kwanza.